Nguo ya Maji Haishonwi na Mtu Mkavu

Nikiwaambia watu kwamba nimestaafu kazi ya kushona nguo za michezo ya majini, na kwamba kazi hiyo niliifanyia hapa Garissa, hucheka kwanza, halafu huniuliza maji gani. Nami huwaacha wacheke. Nimeshona nguo za waogeleaji, za wapiga makasia, za wasichana wanaorushiana mpira majini, na za vijana wa uokoaji wanaotoka na mashua Tana inapovunja kingo. Nguo zangu zimevaliwa mpaka Mombasa na Kisumu, ambako watu wamezaliwa maji yakiwa mlangoni, na hakuna iliyorudishwa kwa kuchanika. Basi niacheni nijivune kidogo, wanangu. Macho yangu siku hizi hayaoni tundu la sindano, na fundi asiyeona tundu la sindano hubakiwa na mdomo tu.

Nawaandikia nyinyi mnaojifunza kushona sasa, hasa nyinyi wasichana wa chuo cha ufundi mnaopita dukani kwangu na kuniuliza, "Eedo, hiki kitambaa cha kuvutika tunakikata aje?" Eedo ni shangazi, na mtaa mzima huniita Eedo Shukri, hata watu walionizidi umri. Mnauliza swali zuri, lakini mnaliuliza mapema mno. Kabla ya kukata kuna mambo, na mimi niliyajua baada ya kuaibika mbele ya watu.

Ushonaji nilifundishwa na mjomba wangu, ndugu wa mama, Abti Gedi. Alikuwa na duka la mbao karibu na soko la mbuzi, na alishona kila kitu: kanzu, sare za shule, maturubai ya malori yaendayo Elwak, mpaka shogi za punda. Mimi nilikalia cherehani ya pili, ile ya kukanyaga kwa miguu. Abti Gedi hakupiga kelele hata siku moja. Ukikosea alikuita daktari. "Daktari, njoo umwone mgonjwa wako," alikuwa akisema, na hapo ulijua kuna kola imepinda au mfuko umeshonwa nje ndani. Nilipewa udaktari mara nyingi kuliko wanaosomea.

Lakini aliniachia neno moja ambalo nimelitumia maisha yangu yote. "Usimwulize mteja anataka aonekane vipi," alisema. "Kila mtu anataka aonekane mzuri. Mwulize atafanya nini akiwa ndani ya hiyo nguo." Dereva wa lori anakaa kutwa, kwa hiyo suruali yake ipande juu zaidi upande wa nyuma. Mwuza maziwa anabeba begani, kwa hiyo bega lishonwe mara mbili. Mchungaji anatembea juani, kwa hiyo nguo yake iwe pana, upepo uingie chini na utokee shingoni. Hayo nilikuwa nayajua kama Fatiha, na hilo la mchungaji ndilo lililotuponza.

Ilikuwa hivi. Mwaka mmoja mvua zilizidi, Tana ikapanda mpaka mashambani, na familia kadhaa zikazika watoto. Maji yalipopungua, shule moja ya wasichana hapa mjini ilisafisha kidimbwi chake cha kuogelea, kilichokuwa kimekaa kikavu miaka mingi mpaka mbuzi walikuwa wakilala ndani, ikaanza kufundisha kuogelea. Mwalimu wa michezo alikuwa Mwalimu Nzisa, Mkamba wa Kitui, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Katika wanafunzi wake alimwona mmoja aliyeshika kuogelea haraka kuliko wote. Jina lake Hibaq, mjukuu wa jirani yangu Ayeeyo Dahabo; ayeeyo ni bibi.

Baba yake Hibaq ni mfanyabiashara wa mifugo upande wa Liboi, na nyumbani kwake mwenye neno ni mama yake, yaani huyo Ayeeyo Dahabo. Mwalimu Nzisa alipompigia simu kumwomba ruhusa binti aingie kwenye mashindano, alijibu kwa ufupi tu, "Hooyo akikubali, nimekubali." Kwa hiyo Mwalimu Nzisa akaja kwa hooyo, yaani kwa huyo mama. Akamkuta dukani kwangu, kwenye benchi la wateja, anakokaa kila alasiri kunikagua kazi.

Ayeeyo alimsikiliza mpaka mwisho, akaiweka sawa shali yake ya garbasaar mabegani, kisha akamjibu kwa Kiswahili chake.

"Mwalimu, mimi habana kataa maji. Mimi naona maji nachukua watoto wa watu. Afathali wajue. Lakini sikiza. Mtoto iko ndani ya maji, sawa, maji nafunika yeye. Akitoka, watu yote naona yeye. Hapo akitoka, kama mimi naangalia chini kwa aibu, basi, imekwisha. Kama mimi naangalia yeye, aendelee."

"Tunaweza kusimama na taulo pale ukingoni, Ayeeyo," Mwalimu Nzisa alisema. "Akitoka tu, tunamfunika."

"Nguo nataka nguo ingine ya kuficha yeye, hiyo si nguo," Ayeeyo akajibu, na wote wawili wakanigeukia mimi.

Hibaq alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake nilikuwa nauona. Mnajua mtoto anavyokuwa anapotaka kitu mpaka anaogopa kukiomba. Na habari hiyo haikuwa yake peke yake. Wazazi wa wenzake walikuwa wakisubiri kuona nyumba ya Ayeeyo Dahabo itaamuaje, kwa sababu yeye ni mtu wa dini na hakuna anayeweza kumwambia kwamba hajui haya na heshima. Akikubali yeye, wangekubali. Akikataa, kidimbwi kingerudi kuwa cha mbuzi.

Nikajibu kwamba nitashona, na nikashona haraka, kwa furaha, bila kufikiri. Nilikata kanzu pana ya polista nyeusi, suruali pana chini yake, na mtandio ulioshikizwa kolani. Wanawake wa mtaa wakaja uani kwangu kuamua. Tulimketisha Hibaq, tukamwinamisha, tukamkimbiza ua mzima akirudi na kwenda. Kisha jirani mmoja akasema haki ya Mungu nguo ya maji ni lazima ijaribiwe kwa maji, na sote tukaona ana akili. Likaletwa jagi. Tukammwagia la kwanza kichwani na la pili mgongoni, tukamzunguka kutazama kama kitambaa kinaonyesha mwili. Hakikuonyesha. "Mashallah!" tukasema, tukakaa kunywa chai ya maziwa ya ngamia.

Mnacheka, lakini fikirini. Sisi watu wa hapa maji tunayajua ya jagi, ya mtungi na ya birika la kutawadhia. Ni maji yanayotoka juu kwenda chini, halafu yamekwisha. Katika wanawake wote wale wenye busara hakukuwa na hata mmoja aliyewahi kusimama ndani ya maji yanayomzunguka pande zote. Tulishona nguo ya kumwagiwa.

Siku ya kwenda kidimbwini ilikuwa saa ya wanawake peke yao. Ayeeyo alikaa mbele. Hibaq akasoma bismillahi, akaruka. Ile kanzu ikakamata hewa yote iliyokuwa njiani, ikafura, ikapanda mpaka masikioni, na kwa muda tukaona kitambaa cheusi kimeelea lakini mtoto hatumwoni. Halafu hewa ikatoka na maji yakaingia. Mikono ya kanzu ikajaa, naye akawa hawezi kuinua mkono wala kupiga mguu. Mwalimu Nzisa alijitosa na viatu vyake vya raba, akamkokota hadi kwenye ngazi. Hibaq alikuwa mzima, akikohoa na kulia na kucheka kwa pamoja. Nguo ilikuwa imemnata miguuni hata kutembea hakuweza.

Ayeeyo alisimama polepole. "Shukri," aliniambia kwa Kisomali, mbele ya wote, "umemshonea mjukuu wangu gunia." Akaenda zake.

Sikulala vizuri. Kulipokucha nilikwenda kwa Abti Gedi, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa kukaa nyumbani tu. Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akaniuliza, "Daktari, mtoto alikuwa anakwenda kuchunga?"

"Hapana, Abti."

"Mbona umemkatia nguo ya kuchungia? Umeacha nafasi ya upepo. Kule ndani upepo uko wapi?"

Hapo ndipo niliposhika kosa letu. Watu wa jua kali hushona kwa ajili ya hewa. Upana kwetu ni baridi, ni heshima na ni raha, vyote vitatu kwa pamoja. Ndani ya maji upana ni ndoo uliyojifunga mwilini. Kila nafasi unayoiacha kati ya ngozi na kitambaa, maji huijaza, na mwogeleaji huyabeba maji hayo tangu ukuta huu mpaka ule. Nguo ya kuogelea lazima ishike mwili. Lakini nguo inayoshika mwili ndiyo hasa ambayo Ayeeyo hawezi kuitazama mtoto akitoka. Kazi yangu ilikuwa hapo katikati.

Mwalimu Nzisa alikwenda kumbembeleza Ayeeyo, na nilifuatana naye nikijificha nyuma ya mgongo wake, ingawa yeye ndiye mfupi. Nilidhani tutafukuzwa. Ayeeyo alitupa chai, akafikiri, kisha akasema kwa Kisomali nikawa namtafsiria mwalimu: "Mimi nilisema nitamwangalia akitoka. Siku ile hakutoka, alitolewa. Basi sijaona kitu bado." Mimi nasema yule bibi angesoma sheria, majaji wangemkoma. Alitupa muda mpaka mashindano ya shule, ambayo yangefanyika Kenya. Ayeeyo na rika lake bado husema hivyo, ukivuka daraja la Tana umekwenda Kenya.

Jambo la kwanza nililofanya, nami nawaamuru mlifanye, ni kuingia majini mwenyewe. Nilikwenda saa ya wanawake, nimevaa dirac langu la zamani, lile gauni pana jepesi, na suruali chini yake, nikashuka ngazi nimeshika ukingo kwa mikono yote miwili. Sijui kuogelea hadi leo. Mwalimu Nzisa alikuwa akinipigia kelele, "Mama Shukri, achilia ukuta! Maji ni ya kifua tu!" Nikaachilia. Nikatembea, nikageuka, nikainua mikono. Chaki yangu ya kushonea nilikuwa nimeisahau mfukoni, ikayeyuka, na nyuma yangu kukawa na wingu jeupe lililowatisha watoto.

Lakini nilijifunza katika saa moja kuliko nilivyojifunza dukani mwaka mzima. Nilihisi maji yananishika wapi. Yananishika kwapani, kwenye kisogo, kwenye pindo, na kiunoni pale gauni linapokutana na suruali. Nilihisi pia kwamba mkono ukiinuliwa, nguo nzima inapanda nao, kwa sababu kwapa letu la kawaida limekatwa kwa mtu anayeshusha mikono. Nikatoka nimetota, nikakaa kwenye saruji, nikajua pa kuanzia.

Vitambaa nilivitafuta Islii, kule Nairobi. Msinunue kitambaa cha maji kikiwa kikavu. Ombeni kipande, kiloweni usiku kucha katika ndoo yenye dawa ileile inayotiwa kidimbwini, halafu kivuteni pande zote nne na mkitazame kwenye mwanga. Kuna vitambaa vinavyong'aa dukani, na vikilowa vinaonyesha kila kitu. Pamba ni marufuku, inakunywa maji. Nailoni yenye mpira ndani ni nzuri, nene kiasi, rangi iliyoiva. Kikate ili upande unaovutika zaidi uzunguke mwili. Uzi uwe wa polista, wa pamba huoza. Sindano iwe ile yenye ncha ya mviringo, inayosukuma nyuzi pembeni badala ya kuzikata, na mshono uwe wa zigizaga, uvutike pamoja na nguo. Ukishona mshono ulionyooka, mtoto akiinua mkono utausikia ukilia tat-tat-tat mpaka kiunoni.

Nguo niliyofikia baada ya kuharibu vitambaa vingi ilikuwa hivi. Ndani, blauzi na suruali za kushika mwili, kuanzia shingoni hadi kifundo cha mguu, zikiungana kiunoni kwa vifungo vya ndani ili blauzi isipande. Kifuani, kitambaa mara mbili. Kwapani, kipande chenye umbo la kashata kilichotiwa kati ya mkono na ubavu, mkono upate uhuru wake. Mishono yote ilalie bapa, maana mshono uliosimama humchuna mwogeleaji ngozi. Na juu ya hayo, kuanzia nyongani mpaka juu kidogo ya goti, vipande viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, vilivyo wazi ubavuni. Akiwa anaogelea vinalala bapa kufuata mapaja. Akisimama vinashuka.

Vilivyonitesa ni vile vipande viwili. Mwanzo vilishuka vikanata. Nikatia chini yake wavu mwembamba ili kitambaa kisigusane na kitambaa, vikaacha kunata. Halafu pindo likawa linabeba maji, kwa kuwa pindo lililokunjwa ni mfuko. Nikaacha kukunja, nikashona ukingo bapa, nikatoboa vitundu chini kabisa maji yapate njia. Hibaq alikuwa akivaa, anaingia, anatoka, anatikisa kichwa, nami narudi dukani.

Kisha kichwa. Nilikuwa nimeushona ushungi pamoja na kola, nikidhani nimefanya jambo la maana. Hibaq alitoka majini amekasirika, na akikasirika Kiswahili chake huwa cha Nairobi.

"Eedo, hii kitu iko poa, lakini nikigeuza kichwa nipumue inanifunika mdomo. Si nitakufa nikiwa na heshima?"

Nilimkemea kwa kutaja kifo, lakini alikuwa na haki. Anayeogelea hupumua kwa kugeuza uso pembeni, na ushungi ulioshikwa kolani haugeuki naye. Nikautenganisha, nikaufanya wa kuchomekwa ndani ya kola, nikaacha mkunjo mdogo kila upande wa shingo, na juu yake kofia ya mpira ya kuushikilia. Tangu siku hiyo aligeuka kulia na kushoto bila tabu.

Nikiruka mambo mtanisamehe, lakini hili la Komora nalisema sasa, nikilisahau hamtalisikia. Lilikuja baadaye, nilipokwisha kuwa na jina na kichwa kimenivimba. Komora ni Mpokomo, mtu wa mtoni, kiongozi wa vijana wa uokoaji ambao pia hushindana kupiga makasia. Alikuja kuagiza nguo za kikosi chake. Mimi nikajisemea maji ni maji, nikawashonea zile zile za kushika mwili, nyeusi, nzuri za kutazamwa. Baada ya wiki akarudi, akasimama mlangoni, na nilipomkaribisha kiti akakataa.

"Mama Shukri, nguo ni nzuri, Mungu akubariki," alisema. "Lakini zinatula makalio. Na jua linatupika ndani yake. Jana kijana wangu mmoja alitumbukia, maji ya mto yana tope, na yeye yuko mweusi tii. Tumemtafuta kwa sauti."

Hapo nikaona nimelisahau neno la Abti Gedi. Mpiga makasia hayumo ndani ya maji, yuko juu yake, na maadui zake ni jua, ubao wa kukalia na msuguano. Kwake nilirudisha upana kidogo mgongoni, hewa ipite. Rangi nikachagua ya machungwa, imwite mtu kutoka ng'ambo. Mshono wa makalio nikauhamisha pembeni, mgongo nikaurefusha usipande anapoinama mbele, na mshono wa bega nikausogeza ili jaketi la kuelea lisiusugue. Komora alikuja kuzichukua na alipokaribishwa kiti, alikaa.

Ya mpira wa majini ni hivyo hivyo. Wasichana walitaka kuchezea mpira nguo za kuogelea, zenye vile vipande viwili, na mchezo wa kwanza tu wapinzani wakavigeuza mpini. Anayekimbilia goli anavutwa nyuma kwa kipande chake mwenyewe. Katika mchezo ule usiache kitu kinachoshikika. Niliwashonea vipande vifupi vilivyoshikizwa pajani pande zote, kitambaa mara mbili pale wanapovutana, na kofia za kufunga kidevuni zenye kinga ya masikio, kwa kuwa mpira uliolowa ukikupiga sikioni unasikia adhana saa isiyo yake.

Sasa nirudi kwa Hibaq. Mashindano yalikuwa katika shule moja kubwa upande huo wa Kenya, mchana, na watazamaji walikuwa wamechanganyika, wanaume kwa wanawake, wazazi wa watu, walimu, makocha. Ayeeyo alikuwa hajawahi kuiona siku kama ile. Alikuja amevaa garbasaar yake mpya, akachagua kiti cha mbele kabisa, akakaa amenyooka. Mimi nikakaa pembeni yake. Nilikuwa na hofu ya kweli, wanangu.

Mwamuzi mmoja mwanamke aliikagua nguo kabla, akaminya kitambaa kuhakikisha hakuna kinachomsaidia kuelea, akageuza ndani nje, akautazama mshono wangu kwa muda. "Kazi safi," alisema, akamruhusu. Ningefurahi siku nyingine. Siku ile nilikuwa namngoja mwamuzi mwingine.

Firimbi ikalia wakaruka. Mbio zenyewe siwezi kuwasimulia, kwa sababu sikuzitazama. Nilikuwa namtazama Ayeeyo. Niliwasikia watu wakipiga kelele na Mwalimu Nzisa akiita jina la Hibaq kwa ile sauti yake, na nikaona macho ya Ayeeyo yakienda upande mmoja polepole, yakasimama, yakaanza kurudi. Vidole vyake vilikuwa vimekamata tasbihi lakini havikuwa vinahesabu. Kelele zikazidi, halafu zikapungua, nikajua wamefika.

Hibaq aliweka viganja ukingoni, akajiinua, akatoka mwenyewe. Hapo nikageuka kutazama, siwezi kusema uongo. Maji yalimwagika chini kwenye vile vitundu, vipande viwili vikajishusha mbele na nyuma, bila kunata, na akasimama wima mbele ya umati wote ule, anahema, amesitirika kuanzia kichwani mpaka miguuni. Hakujishika nguo wala hakuivuta. Alikuwa anatafuta ubao wa matokeo.

Nikamtazama Ayeeyo tena. Alikuwa anamwangalia. Alikuwa amekunja uso na kuinamia mbele, anamwangalia mjukuu wake kwa macho makavu yasiyopepesa, na moyo wangu ukaniambia kuna kitu nimekosea, labda shingoni, labda mgongoni.

"Wa nne?" aliuliza kwa Kisomali.

"Wa nne, Ayeeyo," nikasema.

"Yule wa kofia nyekundu alikuwa nyuma yake! Nilimwona kwa macho yangu. Alimpita wapi?" Akasimama, akamtafuta Mwalimu Nzisa kwenye ule umati, akaita kwa Kiswahili mpaka makocha wa watu wakageuka. "Mwalimu! Wewe nafundisha nini? Bale ukutani mtoto nageuka bolebole, nalala! Ngamia mzee nageuka haraka kuliko yeye!"

Mwalimu Nzisa akaja mbio akidhani mambo yameharibika. Alikuta anasomeshwa jinsi ya kugeuka ukutani na bibi asiyewahi kulowesha zaidi ya kifundo cha mguu. Alijibu, "Ndiyo, Ayeeyo. Kweli, Ayeeyo," huku ananiangalia mimi kwa juu ya bega lake, na machozi yananitoka nikicheka. Hibaq alipofika kwetu alikaripiwa naye, kisha akavutwa na kukumbatiwa, na garbasaar mpya ikalowa yote.

Nilingoja aseme lolote juu ya nguo. Nilingoja njia nzima ya kurudi, alipokuwa akibishana na mwalimu juu ya kuta na kugeuka. Jumatatu asubuhi nilipofungua duka nilimkuta mlangoni na wajukuu wake wawili wadogo, dada zake Hibaq, na nyuma yao majirani kadhaa wameshika binti zao mkono. Akawasimamisha wake mbele yangu nipime, akakaa kwenye benchi, akaendelea na habari za yule wa kofia nyekundu. Juu ya nguo hakusema neno, na mpaka leo hajasema. Nikachukua futi yangu nikaanza kupima.